Usiongeze, Usipunguze

Brooklyn Center, Minnesota
14 Januari 1996

Kaka Isa,

Salamu zetu sote zikufikie huko Dakota Kusini, na kama baridi ya huko ni kama ya huku basi zikufikie zikiwa zimevaa koti. Mama ni mzima, ila hoteli ya Bloomington imembadilishia zamu na sasa hata Jumamosi hayupo. Bibi ni mzima pia. Kila asubuhi anauliza, "Goigoi wangu ameandika?" Nikimwambia bado, anasema, "Mvivu yule, hata kalamu inamshinda," kisha anaipangusa picha yako iliyo juu ya televisheni kwa upindo wa leso yake.

Kazi uliyonituma nimeifanya. Nimekwenda maktaba Jumamosi tatu, nikasoma magazeti yote ya mpira wa Kimarekani, nikaandika daftarini majina ya watu wa laini wanaotazamiwa kuchukuliwa na timu za kulipwa siku ya uteuzi mwezi wa nne. Wamefika hamsini na wawili. Kila mmoja nimemwandikia kimo, uzito, urefu wa mkono na chuo. Mwanzoni sikuelewa kwa nini mkono upimwe. Kisha nikasoma kwamba kazi yenu ni kusimama mbele ya mrusha mpira na kuwazuia watu wasimfikie, na mwenye mkono mrefu humgusa adui kabla ya kuguswa. Sikujua kwamba mtu anaweza kucheza mchezo miaka minane na asiushike mpira. Sikujua pia kwamba hakuna anayewatazama mpaka mmoja wenu akosee. Nimeanza kuwapenda watu wa laini kwa sababu hiyo.

Kisha nikajifanya mimi ndiye timu, nikawapanga. Nimekuweka wa kumi na tisa. Usikasirike. Mikono yako ni mirefu, lakini chuo chako ni kidogo na hukualikwa kwenye yale majaribio makubwa. Nilijaribu kukupandisha mpaka wa kumi na tano, nikaona nadanganya, nikafuta.

Jambo la mwisho nimelichelewesha kwa sababu linanitia hofu. Jana simu ililia na hakukuwa na mwingine wa kuipokea. Unanijua mimi na simu. Alikuwa mwanamume anayeitwa Francis, msaka wachezaji wa timu ya hapa mjini. Anataka kuja nyumbani kuzungumza na watu waliokulea. Neno pekee nililolipata lilikuwa "ndiyo", nikalisema mara nne au tano. Nadhani nimemkubalia aje baada ya Idi. Nifanye nini?

Mdogo wako,
Arafa


Dakota Kusini
25 Januari 1996

Arafa, msomi wetu,

Wa kumi na tisa. Nilidhani umeandika tarehe. Wenzangu wana dada wanaowapigia vigelegele uwanjani, mimi Mungu amenipa karani wa mahakama.

Mfungo umeanza vizuri. Kocha haelewi inakuwaje mtu wa pauni mia tatu na tano ainue vyuma tangu asubuhi bila hata tone la maji. Nimemwambia aje aone futari, ataelewa zile pauni zinatoka wapi.

Sasa sikiza, hapa hakuna mzaha. Timu thelathini zitachagua wachezaji kwa zamu, mizunguko saba. Katika zote hizo, ya huko nyumbani peke yake ndiyo iliyokuja kunitazama mara mbili. Wanataka mtu mmoja wa laini katika mzunguko wa tano. Kocha anasema Bwana Francis amebakiwa na majina mawili: langu na la jamaa wa Iowa anayeitwa Zachariah. Vipimo vyetu ni vile vile. Mtafute kwenye daftari lako, bila shaka umemweka wa kumi na nane.

Kwa hiyo kitakachoamua ni vile visivyopimika. Huyu mzee ana desturi ya kuingia nyumbani kwa mchezaji, akakaa na watu wake, akauliza ni mtu wa namna gani. Anaandika kila neno na kulipeleka kwa wakubwa wake.

Nataka ujue nikikosa itakuwaje. Mtu wa kandanda akikosa timu hucheza na vijana wa mtaani jioni. Mtu wa laini hana mtaani. Huwezi kusukumana peke yako. Chuo kitafungwa Mei, nitavua viatu, na kitu pekee ninachokijua vizuri duniani kitakuwa kimekwisha nikiwa na miaka ishirini na miwili. Nikichaguliwa, nitaendelea nacho hapo nyumbani. Nitalala chumba changu, nitaendesha gari dakika ishirini kwenda mazoezini, na Bibi atanitukana kila siku mezani.

Mama atakuwa kazini, kwa hiyo Bibi atazungumza na wewe utatafsiri. Najua unaogopa. Sharti ni moja tu: usiongeze, usipunguze. Wale watu huuliza swali moja kwa njia tatu ili wanase uongo. Mwaka jana mwenzetu hapa alifutwa kwa sababu mjomba wake alitia chumvi. Wewe hujui kutia chumvi hata kwenye wali, ndiyo maana nimelala vizuri.

Isa


Brooklyn Center
25 Februari 1996

Kaka Isa,

Idi ilikuwa njema. Tuliswali katika ule ukumbi wa mtaa wa Phillips, na Bibi alisema zulia lake lina baridi kama sakafu ya friji. Mwanzoni mwa mwezi baridi ilizidi mpaka shule zote za Minnesota zikafungwa siku nzima, nikasoma.

Mgeni alikuja jana saa nne asubuhi. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alikunywa chai vikombe viwili na kula mahamri matatu. Aliuliza maswali, Bibi akajibu, mimi nikatafsiri. Sikuongeza, sikupunguza. Alikaa dakika arobaini.

Mwalimu wa historia ametupa insha ya kurasa kumi kuhusu Mfereji wa Erie. Je, ulijua kwamba urefu wake ulikuwa maili mia tatu sitini na tatu? Waliuchimba kwa miaka minane. Nikipata nafasi nitakuandikia zaidi kuhusu mfereji huo.

Arafa


Dakota Kusini
5 Machi 1996

Arafa,

Habari za mfereji nimezipata, asante. Habari za Bibi nimelazimika kuzipata kwa kocha.

Bwana Francis alimpigia simu. Unajua alisema nini? Alisema kwamba katika miaka thelathini ya kazi yake hajawahi kukutana na mwanamke mkweli kama bibi yangu. Mkweli. Neno hilo hilo. Kocha alinisimamisha katikati ya mazoezi kuniambia, na wenzangu wote wakasikia. Mbusu Bibi mkono kwa niaba yangu. Na wewe, mwoga wa simu, ulikaa mbele ya mzungu dakika arobaini ukatafsiri. Naona fahari ingawa sitakuambia tena.

Mahamri matatu pia ni habari njema. Mtu hali hamri la tatu kwenye nyumba asiyoipenda.

Jingine. Kuna timu ya kusini iliyoniita nikafanyiwe majaribio tarehe kumi na sita, na siku hiyo hiyo timu ya nyumbani inanitaka kwa daktari wao. Nimewaandikia wa kusini kwamba siendi. Kocha aliniambia nifikiri kwanza. Nimefikiri. Nyumba iliyokwisha kukufungulia mlango, huendi tena kubisha kwa jirani.

Isa


Brooklyn Center
10 Machi 1996

Kaka Isa,

Barua yako ilifika juzi. Niliisoma, nikatoka nje bila kofia, nikazunguka jengo letu mara tatu. Sasa nakuandikia nilichopaswa kuandika wiki mbili zilizopita.

Bwana Francis ni mzee mpole. Soksi yake moja ilikuwa imetoboka kwenye kidole, akauficha mguu chini ya kiti, nikampenda kwa hilo. Bibi alikuwa amevaa gauni lake la Idi. Alimkaribisha vizuri kabisa. Alikuwa akimmiminia chai, na hapo mgeni akaiona picha yako juu ya televisheni. Akapiga mluzi. Kisha akasema hajaona mabega kama yale tangu aanze kazi, na kwamba mwili kama ule hutokea mara moja.

Mkono wa Bibi ulisimama juu ya kikombe.

"Amesema nini?"

Nikamwambia.

"Na mashallah hakusema?"

"Si Mwislamu, Bibi."

"Jicho halina dini," akasema, akaweka birika chini. Akainuka, akaichukua picha yako kama anayeifuta vumbi, akairudisha ikiwa imegeukia ukutani.

Hapo nilijua litakalofuata. Wewe pia ungelijua. Mgeni akatoa karatasi zake na kuuliza kama Isa anapenda kazi.

"Huyo? Goigoi huyo," Bibi akasema. "Mwambie ni mvivu tangu tumboni. Mama yake alipitiliza siku tisa kwa sababu yeye alikuwa amelala."

Nikatafsiri. Mgeni akaandika.

Akauliza kama unakula vizuri. Bibi akasema unadonoa kama kuku mgonjwa. Akauliza kama uliwahi kuumia. Bibi akanitazama mimi, akamtazama yeye, akasema, "Goti. La kushoto. Alianguka utotoni na halijapona mpaka leo. Mwambie lile goti halifai hata kwa kuswalia." Hukuanguka, Kaka. Nilimwuliza baadaye. Alisema goti ndilo lililomjia kwanza.

Halafu mgeni akaweka kalamu chini, akauliza swali moja taratibu, nadhani ndilo lililomleta. Isa akiangushwa mbele ya watu, huinuka?

"Atalala hapo hapo," Bibi akasema. "Atalia mpaka watu waje kumwinua."

Mgeni akamtazama muda mrefu. Akaniambia nimwulize kama ana hakika.

"Nimemlea mimi," Bibi akajibu, na hakuyaondoa macho yake.

Unajua kwamba hakuna anayekupenda kama yeye. Kila jibu lilikuwa pazia analokufunika nalo. Mimi nilikuwa nikilifunua na kumpa mgeni. Nilitaka kusema. Nilikuwa na sentensi ya Kiingereza tayari mdomoni. Lakini ningesemaje? Ili aelewe, ningelazimika kumwambia kwamba mwenyeji wake anaogopa jicho lake. Kwamba tangu apige mluzi, yeye ni hasidi katika nyumba hii. Alikuwa ameshika hamri la tatu. Na wewe uliniambia nisiongeze. Nilitii nusu kwa sababu ya sharti lako na nusu kwa sababu ya woga, na sijui nusu ipi ilikuwa kubwa.

Alipoondoka alimshukuru Bibi kwa kumwambia kweli. Bibi akafukiza ubani kwenye kiti alichokalia, king'ora cha moshi kikalia, na meneja wa jengo akapanda juu na taulo mkononi.

Andika haraka kwa watu wa kusini. Waambie unakwenda.

Arafa

Jumanne. Barua hii bado iko ndani ya daftari. Stempu ninazo.

Jumamosi, tarehe kumi na sita. Sasa uko kwa daktari wao.


Brooklyn Center
17 Machi 1996
Kwa mkono wa Arafa

Goigoi,

Mimi ni Bibi yako ninayesema, na anayeandika ni huyu dada yako ambaye siku hizi hali vizuri. Nimeona nikuletee salamu mwenyewe kwa sababu barua zake ni fupi na zimejaa mifereji.

Mgeni wako alikuja, nikamtazama, nikamwona si mtu mbaya. Lakini macho yake ni makubwa na ulimi wake haujui kujizuia. Kutwa kucha kazi yake ni kutazama miili ya watoto wa watu na kuihesabu. Mtu wa kazi hiyo hata akiwa mwema, jicho lake limekwisha kuota meno. Usiwe na wasiwasi. Nimekusimamia.

Hapa Bibi amesema maneno mengine, nitakusomea ukija.

Jifunike kichwa. Ukila, kula umeupa mlango mgongo. Ukishinda, usiseme umeshinda, sema umepona.

Bibi yako


Dakota Kusini
14 Aprili 1996

Arafa,

Mwambie Bibi kwamba nakula nikiupa mlango mgongo na wenzangu wanadhani nina ugomvi na mlango.

Uteuzi ni Jumamosi na Jumapili hii. Mzunguko wa tano utakuwa Jumapili. Sina la kufanya tena, na hilo ndilo gumu. Miaka yote hii nikiona hatari inakuja nimezoea kuisukuma. Hii haina kifua cha kuwekea mikono.

Kwa daktari kulikuwa na jambo la ajabu ambalo sikukuandikia. Alilivuta goti langu la kushoto kama anayefungua kopo. Akalipiga picha, hakuona kitu. Akauliza kama niliwahi kuanguka utotoni. Nikasema sikuwahi. Akanipima mgongo, akauliza tena. Nikasema sikuwahi. Nilipokuwa navaa viatu akaja mwingine akauliza kama mama yangu angekumbuka mimi kuanguka. Swali moja kwa njia tatu, si nilikuambia? Nimejibu vile vile mara zote, kwa hiyo nadhani nimefaulu. Ila yule wa mwisho aliandika kwa muda mrefu kuliko neno "hapana" linavyohitaji.

Nimewapa nambari mbili, ya bweni na ya nyumbani. Msinipigie siku hizo mbili, laini iwe wazi. Wewe kaa karibu na simu ya hapo. Ukisikia sauti ya mzungu, sema ndiyo. Neno hilo unalijua.

Yale maneno mengine ya Bibi utanisomea nikija.

Isa


Brooklyn Center
22 Aprili 1996

Kaka Isa,

Nilikaa karibu na simu siku zote mbili. Jumamosi haikulia kabisa. Nilikuwa nainyanyua kila saa kusikiliza kama iko hai, kisha naiweka haraka nisije nikawa nimeziba njia. Jumapili saa nane mchana ililia. Nikasema "ndiyo" kabla sijasikia ni nani. Alikuwa Mama, kutoka hotelini, anauliza kama wamepiga.

Mzunguko wa tano niliusikia kwenye redio. Walitaja jina la Zachariah na chuo chake cha Iowa, wakasema ni kijana mwenye nyumba imara nyuma yake. Nikangoja wa sita, nikangoja wa saba. Nilipiga mstari kwenye majina daftarini kila mtu alipochukuliwa. Miongoni mwa watu wa laini niliowapanga chini yako, tisa walichukuliwa na timu nyingine.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya tarehe kumi Machi. Isome kwanza, kisha urudi hapa.

Sasa unajua. Nilipoandika kwamba sikuongeza wala sikupunguza, nilikuwa nasema kweli na nilikuwa najificha nyuma yake. Maneno mengine ya Bibi niliyoyaruka yalikuwa haya: "Nimemwambia u mvivu, u mgonjwa na u mlizi, na kila neno ameliandika. Sasa ulale salama." Kwa mgeni sikuweza kuruka hata neno moja. Kwako niliweza.

Nilijaribu kurekebisha. Tarehe ishirini na nne Machi nilimwandikia Bwana Francis kwa Kiingereza, kurasa tatu. Nilimweleza kuhusu kijicho, na kwamba kwetu watu wakimpenda mtoto sana humwita kwa jina baya. Nilimwomba radhi kwa niaba ya Bibi bila Bibi kujua. Jibu lake lilifika Alhamisi, siku mbili kabla ya uteuzi. Nakutafsiria lote:

"Mpendwa Bi Arafa. Nimesoma barua yako mara mbili na ninaiamini. Nimeingia nyumba nyingi, na kila bibi aliniambia mjukuu wake ni simba. Bibi yako ndiye wa kwanza kuniambia vinginevyo, na kwa sababu hiyo nilimwamini kuliko wote. Ripoti yangu niliipeleka siku tatu baada ya kuwatembelea. Nimeomba kuibadilisha. Wakubwa wangu wamesema familia yoyote ingeandika barua kama yako sasa, na kwamba kijana mwenyewe alipoulizwa kuhusu goti alikana. Sina uwezo zaidi ya hapo. Mahamri yalikuwa matamu. Francis."

Bibi hajui lolote. Jana usiku aliniuliza kwa nini redio imezimwa. Nikamwambia mchezo umekwisha.

Arafa


Dakota Kusini
5 Mei 1996

Arafa,

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipoanza niliandika vibaya.

Nilikuchukia siku moja nzima, Jumanne. Nilikuchukia kwa ajili ya ule mfereji hasa. Ungeniandikia tarehe ishirini na tano Februari, ningekwenda kusini. Labda na huko nisingechukuliwa, lakini ningekwenda. Nimekuambia hili mara moja na sitalirudia, ila sikutaka ulijue kwa kubahatisha.

Jumatano nilikumbuka ni nani aliyesema usiongeze, usipunguze. Nilimpa amri hiyo mtu mmoja niliyejua hataivunja. Tangu hapo natafuta wa kumlaumu na simpati. Bibi alinilinda. Wewe ulisema alichosema. Yule mzee aliamini alichosikia. Nimewapitia mmoja mmoja, kila mtu yuko mahali pake.

Nilikaa nikingoja timu hata moja ipige baada ya uteuzi, wakati mwingine hupiga. Moja ilipiga. Waliuliza goti linaendeleaje. Nikasema ni zima. Wakasema asante.

Kocha amenipa viatu vyangu nibaki navyo. Hakuna duka linalouza saizi ile, kwa hiyo hata kumpa mtu siwezi.

Nakuja tarehe mbili Juni. Mama amesema uwanja wa ndege unataka watu wa kupakia mizigo, na mimi najua kuinua. Usimwambie Bibi maneno yake yalifanya nini. Nakuomba kwa jina la marehemu baba yetu. Bibi ana miaka sabini na minne, aliacha nyumba yake Mombasa akavuka dunia ili awe karibu nasi. Msomee ukurasa huu wa pili, na huu usiuongeze wala kuupunguza.

Isa

Bibi yangu,

Yule mgeni hakunichukua. Amemchukua mtoto wa watu wa Iowa. Mimi nimepona. Goti langu ni zima, macho yake hayakunipata. Kazi yenyewe sikuitaka sana, kule watu wanavunjwa vibaya, nawe uliliona hilo kabla yangu. Nakuja nyumbani mwezi wa sita. Usihuzunike, kazi ile sikuitaka sana. Niwekee mahamri, nitakula nimeupa mlango mgongo.

Goigoi wako


Brooklyn Center
12 Mei 1996

Kaka Isa,

Nimemsomea jana baada ya alasiri, kama ulivyoiandika. Alikuwa anachambua mchele. Nilipofika mwisho alisema, "Rudia." Nikarudia.

"Amesema mara mbili kwamba hakuitaka," akasema.

Nikaikunja karatasi.

"Mtu asiyetaka kitu husema mara moja." Akachambua kidogo, akatoa jiwe, akaliweka kando. "Yule mzungu. Yale maneno aliyokuwa akiyaandika ni yangu?"

"Ni yako, Bibi."

"Nawe ulimpa kama nilivyoyatoa?"

Ulinikataza, Kaka, na nilikuwa nimejiandaa kudanganya. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo. Lakini aliniuliza akinitazama, na mimi sijui njia nyingine. Nikasema, "Kama ulivyoyatoa."

Akatoa jiwe jingine mcheleni. Kisha akasema, bila ukali wowote, "Ungemwambia anywe chai tu, mjukuu wangu."

Nikasema nilitaka. Akasema anajua. Akaninyoshea sinia la mchele, nikachambua upande wangu, yeye wake. Alipoinuka alikwenda kwenye televisheni akaigeuza picha yako. Tangu ile Jumamosi ilikuwa inatazama ukuta, na sote tulikuwa tumezoea kuuona mgongo wake.

Leo asubuhi ameniita nimwandikie. Nikachukua kalamu, nikaandika tarehe, na kwa mazoea nikaanza na "Goigoi". Akaniuliza nimeandika nini hapo juu. Nikamsomea.

"Futa," akasema. "Andika jina lake."

Tangu nizaliwe sijamsikia akilitaja. Nakuletea barua yake yote, neno kwa neno.

Isa,
Njoo nyumbani.
Bibi yako